Jirani anampiga mkewe, niingilie? Na lile swali la "mbona haondoki"

Mkuu mleta mada, umesema umepanga Nyegezi hapa Mwanza, jamaa wa chumba cha pili anampiga mkewe karibu kila wikiendi, na wapangaji wenzako wanakwambia mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Wachangiaji wengine wameshaleta lile la siku zote: "Mbona haondoki? Anapenda huyo." Nitajibu yote mawili pamoja maana kwangu ni swali moja. Nina vyumba vya kupangisha huku Mabatini, na nimekaa miaka kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kanisani kwetu. Mengi nimeyasikia yakisemwa mezani, mengine nimeyasikia usiku kupitia ukutani.

Tuanze na kuondoka. Aende wapi? Binti katoka Kwimba au Misungwi, katolewa ng'ombe. Wale ng'ombe hawapo zizini leo, kaka yake ameshaolea. Binti akitokea nyumbani na begi, baba haoni jicho lililovimba, anaona ng'ombe wanaodaiwa na ndoa ya mwanawe wa kiume ikiyumba. Ndiyo maana anapewa siku mbili tatu za kupumzika, anachinjiwa kuku, halafu anasindikizwa stendi na shangazi mwenye maneno matamu.

Kuna kikao kimoja cha familia niliitwa kama jirani. Binti amejifunga kanga kuzunguka taya, chai anainywa kwa upande mmoja wa mdomo. Mjomba wa mume akafungua kikao kwa kuuliza, "Kwani wewe ulimjibuje mwenzio?" Kabla hajajibu, mama yake mzazi, narudia, mama yake mzazi, akadakia: "Huyu mwanangu mdomo anao tangu mdogo." Ikaishia hapo. Mume akatozwa kreti ya soda kwa kuwasumbua wazee, wajomba wakanywa, binti akarudi chumbani kwake kuosha chupa.

Kwa hiyo wanaosema tatizo ni wanaume tu, nakubaliana nao nusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo kati ya hizi: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto, kumnyima unyumba. Wanawake waliosema ndiyo, walau kwa sababu moja, walikuwa asilimia 58. Wanaume 40. Mimi sikushangaa hata kidogo. Mwanamke aliyepigwa miaka ishirini akaambiwa na kila mtu avumilie, leo ndiye mama mkwe. Akikubali kwamba mkamwana hakustahili, itabidi akubali kwamba na yeye hakustahili.

Na tusidanganyane kwamba ni vijumba viwili vitatu vya walevi. Hapa hapa Mwanza ulifanyika utafiti unaoitwa MAISHA, ukahoji wanawake 1,049 waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo, yaani wafanyabiashara wadogo, wenzetu tunaopishana nao sokoni. Asilimia 61 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Asilimia 27 ndani ya mwaka mmoja uliopita. Ukiwa kwenye kikoba chenu mmekaa ishirini, piga hesabu mwenyewe. Cha kutia moyo, wale waliopewa mafunzo ya vipindi kumi juu ya mahusiano, pamoja na mikopo yao, walikuja kuripoti kipigo kidogo kuliko wenzao waliobaki na mikopo peke yake, na wachache zaidi kati yao waliona kwamba kupigwa ni halali. Kwa hiyo hii ya "ndivyo tulivyo" haina mguu.

Sasa lile la "hasira zinampanda". Kwangu wanapanga wavuvi wa dagaa, wanaotokea mwalo wa Kirumba. Anayejua dagaa anajua mbalamwezi hakuna kazi, taa haivuti kitu ziwa likiwa jeupe. Siku za giza uani kwangu ni kimya. Mbalamwezi ikiingia wanaume wako nyumbani, mwenye hela anakunywa, aliyedhulumiwa na tajiri wa mtumbwi ananuna, na kelele zinaanza. Nikamuuliza mpangaji mmoja: tajiri wako amekukata fedha ya mafuta, ya nyavu, na ya taa ambayo hukuivunja wewe. Umewahi kumnyanyulia mkono? Akacheka, "Mama, yule si ataninyima chombo!" Kumbe hasira inajua kuchagua. Inapita kwa tajiri, inampita mjumbe, inawapita washikaji kijiweni, inafika chumbani ndiyo inapanda.

Haya, wewe jirani ufanye nini. Usivunje mlango ukijifanya shujaa, utaumizwa, na ukishaondoka kipigo cha pili kitakuwa cha yule mke: "umeniletea wanaume." Ninachofanya mimi ni kugonga. Nagonga naomba kiberiti, nauliza kama mita ya LUKU inasoma, namwita mtoto wao nimtume. Sababu haina maana yoyote na wote tunajua, ila mkono ukishasimama hewani kwa dakika tano mara nyingi haurudi. Mkiwa wawili watatu mlangoni ni bora zaidi. Ukisikia silaha imetajwa, hapo usigonge, piga simu polisi na umwite mwenyekiti wa mtaa.

Kesho yake zungumza na mama huyo akiwa peke yake, kisimani au bombani, si kwa kumshauri amwache mtu. Muulize vyeti vya kliniki vya watoto, kitambulisho na cheti cha ndoa viko wapi, na kama anataka vikae kwako. Mimi ninalo begi la namna hiyo chini ya kitanda muda wote, wenye begi ndio wanabadilika. Mwambie polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, haiuzwi. Akiwa ameumia sana aanzie hospitali, asikalishwe kwenye benchi la kituo damu ikitoka. Kama watoto nao wanapigwa, namba 116 ni ya bure.

Sheria nayo haiko upande wa wajomba. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Angalia, imesemwa mwenzi. Kuna mchangiaji kaandika kwa utani: "Na sisi wanaume tunapigwa." Ni kweli, mmoja aliwahi kuletwa barazani kwetu amemwagiwa uji wa moto, na wazee wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sheria ile ile ni yake pia.

Na wale wanaomtisha kwamba akitoka atatoka mikono mitupu kwa sababu "hajachuma": tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kudhani ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwambie hivi taratibu, hata kama hana mpango wa kwenda popote. Mtu anayejua mlango uko wapi anakaa tofauti na asiyejua.

Mwisho, mwenye nyumba wako. Wenzangu wengi wakichoka na kelele wanawapa notisi wote wawili. Wanahamia Buhongwa ambako hakuna anayewajua, na yule mama anaanza upya na majirani wasiogonga. Kamwone kabla hajafika huko. Kwangu mikataba naandika majina ya wote wawili, mume na mke, wote wanaweka sahihi. Wanaume wengine wananikatalia, wanakwenda kutafuta chumba kwingine, na mimi nawakaribisha wapangaji wengine.