Mtoto ana mwisho wa gharama, nyumba kubwa haina

Mkuu, swali lako kwa kifupi: mlipanga kustaafu mkiwa na miaka 45, mna mtoto mmoja na wa pili yuko njiani, na kila ukirudia hesabu kwenye Excel tarehe inazidi kusogea mbele. Sasa unajiuliza kama muachane na mpango au mkaze mkanda zaidi. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujaikagua hesabu yenyewe, maana wengi wanaokwama hapo wamekosea mahali pamoja.

Kanuni ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25 ili kupata mtaji wa kustaafu inatokana na kazi ya mwaka 1994 ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani. Alipima kwa takwimu za masoko ya Marekani mstaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila mfuko kukauka ndani ya miaka 30, akapata karibu asilimia 4 ya mfuko wa siku ya kwanza, ikiongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Watu wanachukua matumizi yote ya nyumba ya leo, nepi na ada humo humo, wanazidisha mara 25. Ukifanya hivyo umejitwika kazi ya kukusanya mtaji wa kununua nepi mpaka kufa.

Tenganisha mafungu mawili. La kwanza ni matumizi yenu nyinyi wawili, yale yatakayobaki watoto wakishaondoka. Hilo ndilo la kuzidisha. La pili ni gharama ya watoto iliyobaki mpaka wajitegemee. Hilo halizidishwi, linajumlishwa tu mwaka kwa mwaka.

Tuchukue namba, sarafu weka yoyote. Kipato baada ya kodi ni 100 kwa mwaka, matumizi ya wawili 50, akiba 50. Lengo ni 1,250 (50 mara 25). Mkianzia sifuri, uwekezaji ukileta asilimia 5 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, mnafika baada ya miaka 16 na miezi 7 hivi. Sasa azaliwe mtoto mwaka wa kwanza, ale 12 kwa mwaka kwa miaka 20. Akiba inashuka hadi 38. Kwa hesabu ya kuchanganya, lengo linapanda hadi 1,550 (62 mara 25) na safari inakuwa karibu miaka 23. Kwa hesabu ya kutenganisha lengo linabaki 1,250, na mnafika mwaka wa 20, mtoto naye akiwa anaanza kujitegemea. Kwa hiyo mtoto amewachelewesha miaka mitatu na miezi, si sita.

Sasa ongeza kitu ambacho familia nyingi hufanya mimba ikishathibitishwa: kuhamia nyumba kubwa zaidi, inayokula 6 zaidi kwa mwaka. Nusu ya gharama ya mtoto, inaonekana ndogo. Lakini hii haina miaka 20. Inaingia kwenye fungu la kwanza, kwa hiyo lengo linapanda kwa 150 (6 mara 25), na akiba inashuka hadi 32 mpaka mtoto atoke. Safari inafika miaka 23 na miezi kadhaa. Yaani 6 za nyumba zimewachelewesha sawasawa na 12 za mtoto. Gari la pili na mtaa wa gharama vinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mkihitaji nafasi kweli, pangeni kwa mkataba unaoisha, na andikeni kwenye jedwali mwaka mtakaorudi nyumba ndogo. Kama hakuna kati yenu anayeamini mtarudi, zidisheni mara 25 bila kujidanganya.

Jedwali lenyewe liwe hivi: mstari mmoja kwa kila mwaka, safu moja kwa kila mtoto, na umri wake umeandikwa pembeni. Usiweke wastani ulio sawa miaka yote, kwa sababu gharama ina milima miwili. Mlima wa kwanza ni miaka 0 hadi 3 au 4, malezi ya mchana au kipato cha mzazi anayekaa nyumbani. Katikati kuna bonde. Mlima wa pili unaanza ujanani na kilele chake ni elimu ya juu. Ukiweka wastani utajiona tajiri kwenye bonde, utahamia maisha ya juu, halafu mlima wa pili ukukute huna kitu. Mtoto wa pili anarithi nguo, kitanda na vitabu, ila malezi ya mchana na ada havilipiwi kwa urithi, kwa hiyo usimkadirie nusu ya wa kwanza bila kuangalia kila kipengele.

Kwenye mlima wa kwanza kitu kinachokula zaidi si vifaa. Ni kazi iliyoachwa. Mzazi anayeleta 40 kati ya zile 100 akikaa nyumbani miaka 3, na malezi ya mchana yangegharimu 10, hasara halisi ni 30 kwa mwaka, jumla 90. Kwa asilimia 5, hizo 90 zingekuwa kama 187 baada ya miaka 15, na hapo hujagusa michango ya pensheni wala kupanda cheo. Sisemi asikae. Kama kuwa na mtoto ndiyo sababu hasa ya kutaka kustaafu mapema, basi hiyo ni sehemu ya kustaafu mliyoitumia mapema, sawa tu. Lakini pimeni kwanza kazi ya nusu siku, kwa sababu inashika kipato, inashika mlango wa kurudi, na kwa baadhi ya waajiri inashika bima ya afya.

Vifaa vya mtoto mchanga vinaongelewa kuliko vinavyostahili, ila mambo mawili. Kiti cha gari kisinunuliwe mtumba kwa mtu usiyemjua: kikishapata ajali huwezi kuona ufa wa ndani, na vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa chini au mgongoni. Na nepi za kitambaa zinaokoa pesa mkiwa nazo 20 hadi 24 na kufua kila baada ya siku mbili au tatu. Wanaoshindwa mara nyingi walinunua 10 wakawa wanafua usiku, au walitumia kilainishi cha nguo. Kilainishi kinaacha utando kwenye nyuzi, kitambaa kinaacha kufyonza, mkojo unavuja pembeni, na lawama anapewa aliyeshona nepi. Mtoto mchanga anamaliza 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo piga hesabu uone.

Elimu ya juu iwe na mfuko wake, usiochanganywa na wa kustaafu. Tuseme mtahitaji 60 kwa thamani ya leo mtoto akifika 18. Kwa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, mkianza akizaliwa mnaweka 2.3 hivi kwa mwaka. Mkianza akiwa na miaka 10, ni 6.5. Kila mwaka angalieni ada halisi ya aina ya chuo mnachokifikiria na kurekebisha lengo, maana ada haina lazima ya kutembea sambamba na bei za vitu vingine. Akifika miaka 13, anzeni kuzitoa pesa kwenye hisa kidogo kidogo kwenda hatifungani (mikopo mnayoipa serikali au kampuni kwa riba) na amana za benki, ili soko likianguka akiwa na miaka 17 lisimkute. Na ikibidi kuchagua mwaka mmoja kati ya mifuko miwili, jazeni wa kustaafu. Kwa elimu kuna mikopo na ufadhili. Hakuna anayekukopesha uzee.

Kwa kuwa mnataka kuacha kazi na 45, ile mara 25 ichukueni kwa tahadhari. Ilipimwa kwa miaka 30, nanyi mna 40 au 50, na masoko ya Marekani yalifanya vizuri kuliko ya nchi nyingi. Kuchota asilimia 3.5, yaani mara 28 na nusu, ni salama zaidi. Halafu kuna hatari ya kustaafu watoto wakiwa bado nyumbani: soko likianguka miaka ya mwanzo, wawili peke yao wanaweza kufuta safari na kusubiri, lakini ada haisubiri, mnalazimika kuuza hisa zikiwa chini. Ndiyo maana lile fungu la pili lisikae kwenye hisa lote. Gharama ya watoto ya miaka 3 ijayo ikae kwenye amana, iliyobaki iwekwe kwenye hatifungani zinazoiva kwa kufuata miaka.

Bima ya maisha nunueni ya muda maalumu, isiyochanganywa na akiba, idumu mpaka mtoto wenu mdogo awe na miaka 20 na kitu. Kiwango cha juu cha fidia ni lengo kutoa mlichonacho, kuongeza fungu la watoto. Mfano 1,250 kutoa 400, kuongeza 150, ni 1,000. Kila mwaka pengo linapungua, kwa hiyo baada ya miaka mitano sita ombeni kupunguza kiwango na malipo. Mzazi anayekaa nyumbani naye akatiwe, kwa sababu kazi yake italazimika kulipiwa. Na kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, pateni kwa maandishi bei ya bima ya afya ya watoto nje ya mwajiri. Hicho ndicho kipengele ambacho nakikosa kwenye jedwali lako.