Kiingilio kikipanda na kushuka, majukwaa yatajaa?

Barua za wasomaji kuhusu soka, zikijibiwa na mzee aliyekaa mlangoni na vitabu vya tiketi enzi hizo kabla ya mashine

SWALI: Mzee, shikamoo. Nina karakana ya vitanda hapa Ipagala, na Jumamosi nikiwahi kufunga huwa nakwenda uwanja wa Jamhuri kuwaangalia Dodoma Jiji. Kinachoniuma ni majukwaa. Wakija Simba au Yanga hakuna pa kukanyaga, wakija wengine unaweza kujilaza ukanyoosha miguu na hakuna wa kukuambia sogea. Shemeji yangu alisoma Marekani. Anasema kule bei ya tiketi haikai sehemu moja: mechi kubwa inapanda, mechi ndogo inashuka, hata siku yenyewe ya mechi inaweza kubadilika. Je, sisi tukifanya hivyo watu watajaa? Au tutakuwa tunawanenepesha walanguzi tu?
*Fundi, Ipagala*

JIBU: Marahaba, fundi. Mbukwenyi na wenzako wote wa karakana.

Watu wataongezeka, ila si kwa njia ya shemeji, na kujaa ni habari nyingine. Nianze na huko huko alikosoma. Mwaka 2009 timu ya besiboli ya San Francisco Giants ilitenga viti kama 2,000 ikavijaribia bei inayobadilika siku hadi siku, na mwaka uliofuata ikaieneza uwanja mzima. Kompyuta inaangalia mpinzani ni nani, mechi ni Jumanne au Jumamosi, nani anarusha mpira siku hiyo, hata mvua, ndipo inatoa bei. Iliwalipa. Lakini timu ya besiboli ya ligi kuu ya kule inacheza mechi 81 nyumbani kwa msimu mmoja. Mashine ikikosea leo, kesho inajirekebisha. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kwa hiyo kila timu ina mechi 15 za nyumbani basi. Toa Simba, toa Yanga, zinabaki 13 za kubahatisha bei. Mashine haijajua hata majina ya wateja wake, msimu umeisha.

Na hao wenye mashine nao huwa inawaumbua. Julai 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, tiketi ya kawaida ya nusu fainali ya Chelsea na Fluminense pale New Jersey ilikuwa dola 473.90. Siku chache kabla ya mechi ikashuka mpaka dola 13.40. Uwanja ulipata watu, sawa. Lakini mfikirie aliyenunua mapema kwa bei ya kwanza, amekaa kiti cha tano, na wa kiti cha sita kalipa dola zake kumi na tatu. Unadhani mara nyingine atawahi kununua? Atangoja. Na watu wote wakijifunza kungoja, klabu haijui kama kesho wanakuja mia tano au elfu tano, haijui iajiri walinzi wangapi, na mama wa chipsi pale nje hajui amenye ndoo ngapi za viazi.

Sasa tuje mlangoni, maana hapo ndipo nilipokula chumvi. Kazi yetu enzi zile ilikuwa na hesabu moja tu: vipande vya tiketi zilizokatwa vilivyobaki kitabuni, zidisha kwa bei, pesa iwe mezani. Bei moja, jibu moja. Siku moja kwenye fainali ya kombe la mitaa, msimamizi mmoja, simtaji, aliona watu wachache na mpira unakaribia kuanza, akatuma kijana aje atuambie tushushe bei kwa nusu. Tukashusha. Waliokuwa wamejibanza chini ya miti ng'ambo ya barabara wakavuka kwa pamoja. Ila na waliokwisha kuingia wakasikia. Kuna baba alirudi kwenye tundu la tiketi, mtoto kamkalisha mabegani, kipande cha tiketi kakishika juu kama mtu anayepiga kura, anataka chenji yake. Nyuma yake foleni ya wenye vipande. Nilikuwa na noti kubwa tupu. Kipindi cha kwanza kiliisha nikiwa bado nabishana, na jioni tulipohesabu, hakuna mtu aliyeweza kusema kipande gani kilikatwa kwa bei gani. Pesa ilipelea. Nani kachukua? Kila mtu alikuwa na maelezo, na yote yalikuwa yanaingia akilini.

Ndiyo maana nasema bei ikianza kuchezacheza mlangoni, umemfungulia mwizi mlango na kumwekea kiti. Mfumo wa kadi, kama ile N-Card ambayo mashabiki wa Dar es Salaam wameizoea pale Benjamin Mkapa, unapunguza tatizo kwa sababu saa na bei vinaandikwa. Haumalizi ubishi wa yule baba.

Halafu kuna hesabu ambayo wapenda mpira hatupendi kuikaa chini. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000 na wanaingia watu 1,000. Ni milioni tano kabla ya makato. Ukishusha kuwa 3,000, unahitaji watu 1,667 upate ile ile milioni tano. Hao 667 wanatoka wapi? Mtu wa Ihumwa haangalii kiingilio peke yake. Anaangalia nauli ya kwenda na kurudi, maji, mtoto akitaka barafu, na saa mbili tatu za biashara alizofunga. Ukimpunguzia 2,000 kwenye safari nzima hiyo, umempunguzia kiasi, lakini si nusu kama unavyodhani ukiangalia tiketi tu. Na jirani yake kuna kibanda umiza kinachoonyesha mechi hiyo hiyo kwa mia tano au buku, na pa kujikinga na jua pako. Azam Media walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha ligi. Pesa hiyo imezisaidia klabu kweli, sibishi, ila imefanya kila mtaa uwe na jukwaa lake.

Na muda! Mechi ikipangwa katikati ya wiki saa 10 jioni, mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba anatoka kazini saa 9:30, yuko zaidi ya kilometa 15 kutoka mjini, na barabara ndiyo hiyo ya magari yote ya kwenda Morogoro. Huyo hata umpe tiketi ya bure ataingia kipindi cha pili. Kabla klabu haijagusa bei, iende ikapiganie Jumamosi na Jumapili kwenye Bodi ya Ligi. Ratiba ikikataa, basi tujue kwamba tatizo la siku hiyo halikuwa kiingilio.

Kwa hiyo bei ibadilike au isibadilike? Ibadilike, lakini kabla, tena kwa kutangazwa. Walima Zabibu, yaani hao Dodoma Jiji, wanaweza kujifunza kwa wauza zabibu wenyewe. Mama anayeuza zabibu barabarani anajua zikilala zinasinyaa, kwa hiyo jioni anashusha. Lakini hashushi yule wa asubuhi akiwa bado amesimama mbele yake anahesabu chenji. Na kiti ni kibaya kuliko zabibu, maana filimbi ikilia hakiuziki tena hata kwa mia. Ningekuwa mimi, mwanzo wa msimu ningebandika bei tatu: ya Simba na Yanga, ya timu zinazovuta watu kiasi, na ya mechi nyingine zote. Kisha ningeweka bei ya chini kwa atakayenunua kabla ya siku ya mechi, kwa simu au kwa wakala wa mtaani, na bei ya mlangoni iwe ya juu na isiguswe hata uwanja uwe mtupu. Hapo anayewahi ndiye anayefaidi, wala si anayejibanza chini ya mti. Na klabu inapata pesa Alhamisi badala ya Jumamosi jioni.

Punguzo lenyewe nisingelimwagia kila mtu. Wewe fundi unakuja tayari, kukupunguzia ni kukupa soda. Ningelipeleka kwa wasiokuja: vijiwe vya bodaboda wanaonunua kumi kwa mkupuo, vikundi vya vikoba, shule, wafanyakazi wa soko la Majengo na wa Sabasaba.

Kuhusu kupandisha wakija wakubwa, pandisha VIP, mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, uache. Februari 2016 mashabiki wa Liverpool waliambiwa tiketi ya juu kabisa msimu unaofuata itakuwa pauni 77. Dakika ya 77 ya mechi na Sunderland maelfu wakasimama wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0, ikamaliza 2-2. Siku chache baadaye wenye klabu wakarudisha bei nyuma. Hapa kwetu watu hawatatoka dakika ya 77, hawataingia kabisa, au wataingia kwa njia wanazozijua wao.

Walanguzi uliowauliza hawaogopi bei kupanda wala kushuka. Wanaishi kwenye tofauti kati ya bei iliyoandikwa na bei ambayo mtu yuko tayari kulipa siku ya Yanga, na pia kwenye kiza cha nani kauziwa ngapi. Weka kikomo cha tiketi kwa kila namba ya simu, uone watakavyochukia.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi ni mama wa watoto watatu, Chang'ombe. Mume wangu anapenda mpira na mimi pia napenda, lakini tukienda wote watano ni pesa ya mboga ya siku kadhaa. Mwanangu wa kwanza anaomba kila wiki. Wakishusha bei ya watoto, itasaidia?
*Mama Watatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo punguzo linapofanya kazi kuliko pengine popote. Familia ya watu watano inazidishiwa kila shilingi mara tano, kwa hiyo punguzo dogo linaonekana. Tiketi moja ya familia, wazazi wawili na watoto, kwa bei ya watu wazima wawili, haiipotezei klabu kitu kwenye mechi ambayo viti hivyo vingekaa vitupu. Na mtoto anayeletwa leo na mama yake ndiye atakayejilipia akiwa na miaka ishirini. Yule wa kibanda umiza atakuwa wa Simba au wa Yanga, tumeshawaona.

Lakini nikuulize, choo umekiona? Nimewauliza akina mama wengi kwa nini hawarudi uwanjani, na waliotaja bei ni wachache. Wanataja choo, jua, na matusi ya wale vijana wanaokaa nyuma. Klabu ikitenga sehemu moja yenye kivuli kwa familia na mlinzi anayesikiliza, hiyo ni bei nafuu kuliko kushusha shilingi elfu. Mwandikieni barua msemaji wa timu, ninyi akina mama kumi. Mkiwa kumi watajibu.

SWALI: Mzee, mimi niko UDOM mwaka wa pili. Kwa nini tusumbuke na bei za kupanda na kushuka? Wafungue mageti, watu waingie bure, shangwe iwepo, wadhamini watakuja wenyewe.
*Mwanachuo*

JIBU: Wadhamini hawaji wenyewe, kijana, wanafuatwa. Ila wazo lako si la kuchekwa. Ujerumani, klabu ya Fortuna Düsseldorf ya daraja la pili ilitangaza mwaka 2023 kwamba inataka siku moja mechi zake zote za nyumbani ziwe bure, ikaanza na chache. Ya kwanza ilikuwa Oktoba 21, 2023 dhidi ya Kaiserslautern. Uwanja unaopokea zaidi ya watu 50,000 ulijaa, wenyeji wakafungwa matatu ya haraka, wakageuza wakashinda 4-3. Usiku kama huo hata mimi ningelipa.

Lakini angalia walivyofanya. Kwanza walipata makampuni ya kulipia, ndipo wakatangaza. Pili, tiketi haikufutwa: uliomba kwa jina lako, ikachezwa bahati nasibu, ukibahatika ukapewa kiti chako. Bure yao ilikuwa na hesabu. Sisi tukisema bure huwa tunamaanisha mageti wazi, na mageti wazi siku ya mechi yenye ushindani ni msukumano, watoto wanakanyagwa. Sitaki hata kufikiria.

Kama wanachuo mnataka bure, leteni mdhamini wa basi. Kutoka chuoni mpaka Jamhuri na kurudi ndicho kiingilio chenu halisi. Klabu ikikubali kitambulisho cha chuo kwa nusu bei, na mabasi mawili yakawangoja nje mechi ikiisha, nina hakika mtajaza upande mzima na ngoma zenu. Kamati ya michezo ya serikali ya wanafunzi ianze na hilo, na waende na idadi ya majina mkononi, si na maneno.