Saratani ya ini ya Bosi na makopo niliyomficha daktari

Mbwa wangu Bosi alikuwa na miaka 11 alipoanza kusaza chakula. Vipimo vya damu vikaonyesha vimeng'enya vya ini viko juu sana, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mmoja mkubwa upande wa kushoto wa ini.

Habari zilipoenea, ndugu na majirani walileta manjano, unga wa mlonge, kitunguu saumu kilichotwangwa, vidonge vya mafuta ya samaki. Nilimpa vyote, kwa mapenzi. Daktari wa mifugo aliponiuliza mbwa anakula nini, nikataja ugali na dagaa tu. Niliona haya.

Kosa hilo usilirudie. Karibu kila kinachomezwa hupitia kwenye ini, na la Bosi lilikuwa tayari limeelemewa. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Manjano na mafuta ya samaki yakizidi huweza kuchelewesha damu kuganda, na uvimbe wa ini unaweza kupasuka na kuvujia tumboni. Nilipokiri, upasuaji wa kuutoa uvimbe uliahirishwa kwa wiki mbili. Sikulala vizuri siku zote hizo.

Mpelekee daktari makopo yenyewe, usimtajie kwa kumbukumbu. Soma lebo pia: virutubisho vya binadamu, hasa vya kutafuna, huweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala inayoua mbwa.

Daktari aliruhusu virutubisho viwili vya ini: silimarini, inayotokana na mmea, na SAMe, kemikali ambayo hata mwili wenyewe huitengeneza. SAMe hupewa kidonge kizima tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula. Tulianza na kimoja, cha pili baada ya wiki mbili, ili akiharisha tujue kimetoka wapi. Vinalisaidia ini, uvimbe haviuondoi. Bosi aliokolewa na kisu, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mmoja na haujasambaa. Mbwa wa namna hiyo wengi huishi miaka baada ya upasuaji. Ukiwa umetapakaa ini zima, mazungumzo huwa mengine, ya kumpunguzia maumivu.

Na dona ya mbwa! Nilikuwa nanunua ya bei ya chini, ya mahindi yaliyoshika ukungu. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 hushambulia ini, na mbwa hudhurika nayo upesi. Siwezi kusema ndiyo iliyomletea Bosi saratani. Ila sasa anakula unga tunaokula sisi, na kila miezi mitatu tunampima damu.