Hedi Imechomelewa, Gasketi ya Tatu Inavuja

SWALI: Shikamoo Mzee wa Tupa. Nina boti ya mizigo hapa Kibirizi, mashine yake ni dizeli ya silinda mbili. Hedi, yaani kifuniko cha silinda, ilipata ufa kati ya valvu, ikachomelewa kwa vijiti vya nikeli, kisha fundi akaisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka ikang'aa. Tangu hapo nimeunguza gasketi mbili za kuziba kati ya hedi na bloku, na hii ya tatu inatoa mapovu kwenye rejeta. Fundi anasema gasketi za siku hizi ni feki. Ni kweli?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Feki zipo, sikatai. Lakini tatu mfululizo? Iache gasketi, tuitazame hedi.

Kung'aa kusikudanganye. Kasti, yaani chuma cha kumimina, ikichomelewa, ule mstari unaopakana na weldi hugeuka mgumu, hasa ikipozwa haraka. Nikeli ni laini, kasti ya pembeni nayo inakubali tupa, ila katikati yao kuna uzi kama jiwe. Msasa unakula palipo laini na kuuacha uzi umesimama. Pitisha tupa utausikia mwenyewe: kwingine inakula, pale inateleza na kulia. Uzi huo ushushe peke yake kwa jiwe la kunolea, polepole, kabla hujagusa sehemu nyingine.

Kabla ya hapo, mwaga mafuta ya taa penye weldi, ngoja nusu saa, futa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Ukiona mstari wa unyevu unajichora, ufa haujafa. Usipoteze jasho kuisawazisha.

Unga ukibaki mkavu, leta rula ya chuma ya fundi, si ile ya mwanafunzi. Isimamishe kwa ukingo wake: urefu pande zote mbili, katikati, upana, kisha kona kwa kona. Mafundi wengi huruka kona, na hedi iliyojipinda kama chapati hujificha hukohuko. Mimi, fila (ule ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia nafasi) ya 0.05 mm ikipita chini ya rula sifurahi, ya 0.10 ikipita sifungi. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, kifuate. Huna fila? Karatasi ya kusokotea tumbaku ina unene wa kama 0.025 mm. Weka vipande chini ya rula, uvute kimoja kimoja: kinachotoka bila kubanwa kinakuonyesha bonde.

Kioo nacho ni kinyoofu kama meza iliyokibeba. Nikiwa karakana ya reli Tabora, mkuu wetu alitukataza kuamini bamba lolote la kupimia unyoofu lililosuguliwa na mwenzake mmoja tu. Moja laweza kuwa na tumbo na la pili shimo, yakakaana vizuri kabisa, yote mawili ni waongo. Ukiwa na matatu, ukayalinganisha kwa zamu, uongo hauna pa kukaa. Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza njia hiyo mbele ya wataalamu huko Glasgow mwaka 1840, nasi tuliifanya kwa mikono iliyojaa malengelenge.

Ukipata bamba la kuaminika, changanya masizi ya kibatari na matone mawili ya oili. (Usitumie mawese. Najua yako karibu, lakini yanaganda, rangi inakuwa nene na kufunika mabonde.) Paka kwa kitambaa, nyembamba hata chuma kionekane. Laza hedi, isogeze kidogo, inua. Palipochafuka ndipo palipoinuka. Kwaruza hapo tu, kwa tupa kuukuu iliyonolewa ncha, bila oili. Rudia. Mimi huridhika nukta zikienea uso mzima na kuzunguka kila silinda bila pengo. Usikwaruze kupita kiasi, maana kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na hedi ni ndogo mno. Kisha osha njia za maji.

Halafu rula hiyohiyo iweke juu ya bloku, maana hujaniambia kama kuna aliyeipima. Ukikuta laina moja, yaani bomba la ndani la silinda, imezama kuliko mwenzake, niandikie tena, hiyo ni kazi nyingine.