Tope la ziwani likikauka, pima upya

Ukipewa kazi ya kukadiria sumu itakavyovuja kutoka dampo la tope lililochimbuliwa ziwani, tuseme pale mtaro wa Nakivubo unapomwaga maji machafu ya Kampala kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, acha kompyuta kwanza. Nenda ukalitazame tope.

Likitoka majini ni jeusi tii na linanuka yai viza. Weusi huo ni salfaidi, yaani misombo ya salfa na metali. Zinki, risasi na kadimiamu zimefungwa humo kwa kuwa chini kule hakuna oksijeni. Lianike wiki kadhaa: linapasuka, linaanza kushika rangi ya kutu. Salfaidi imekutana na hewa ikazaa asidi ya salfuriki, na metali zimefunguliwa. Sampuli iliyopimwa mbichi haikuambii lolote kuhusu hali hiyo, lakini ndiyo wengi hupeleka maabara, maana ndiyo rahisi. Nimeshabishana na wahandisi kwa hili zaidi ya mara moja.

Modeli nyingi, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria uvujaji, husimama juu ya Kd, yaani kiasi cha metali kilichoshikwa na udongo kikilinganishwa na kilichomo majini. Chukua udongo wa kilo 1.5 kwa lita, wenye uwazi (nafasi kati ya chembe) wa asilimia 50. Kd ikiwa lita 100 kwa kilo, metali husafiri taratibu mara 301 kuliko maji. Asidi ikiishusha hadi 2, ni mara 7 tu. Kama maji hufika chemchemi ya bondeni kwa mwaka mmoja, metali itafika baada ya miaka 301, au 7. Na watu wanajaza madumu pale kila asubuhi.

Basi maabara waloweshe na kukausha sampuli mara kadhaa, wakipima pH (kiwango cha asidi) kila mzunguko. Udongo ulio chini ya dampo nao upimwe kwa maji hayohayo ya asidi yanayotoka kwenye tope, si ya bomba. Programu za HYDRUS-1D (mwendo wa maji udongoni) na PHREEQC (kemia ya maji) ni za bure, zinatosha kuanzia.

Kwenye modeli, mvua weka ya kila siku, si wastani wa mwaka. Ile ya kwanza baada ya kiangazi hupenya kwenye nyufa moja kwa moja.

Halafu gharama ambayo wenye mradi huikwepa: chimbeni visima vya uchunguzi, mpime maji kabla lori la kwanza halijamwaga. Maji ya chini ya mji yana uchafu wake tayari, wa vyoo vya shimo na gereji. Bila vipimo vya mwanzo, kila mmoja atasema sumu haikutoka kwake.