Baruti ndani ya bunduki: huungua au hulipuka?

Msomaji wa Tabata anayechapa vitini vya mafunzo ya walinzi anauliza: "Niliandika 'baruti hulipuka na kusukuma risasi'. Mkufunzi kakata 'hulipuka', kaweka 'huungua'. Nani yuko sahihi? Na risasi ni ile nzima au kile kichwa tu?"

Mkufunzi yuko sahihi, ndugu yangu, na tofauti hiyo si ndogo. Pini ya bunduki ikigonga fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi, moto huwasha chembe za baruti, nazo huungua kuanzia nje kwenda ndani. Gesi hujaa, na katika bunduki ya raifo mgandamizo hupanda kupita mara 3,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Yote huchukua kama sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kwetu ni papo hapo. Kwa mbunifu wa risasi ni muda wa kutosha. Hupanga ukubwa na umbo la chembe ili moto usiwahi mno wala kuchelewa. Karne ya 19, Mskoti Andrew Noble aliupima mgandamizo huo kwa kipande kidogo cha shaba: gesi inakibana, kinafupika, na ufupi wake ndio kipimo. Siku hizi kuna vihisi vya umeme. Baruti hiyo ingelipuka kweli kama dinamiti, kasiba, yaani mtutu wa bunduki, ingepasukia mikononi mwa mlinzi.

Mkanganyiko nauelewa. Kwenye machimbo ya mawe, vilipuzi vya kupasulia miamba navyo huitwa baruti, na huko kusema "imelipuka" ni sawasawa. Hata hivyo, sikilizeni watu wanavyosema mitaani: mlio wa risasi, mlipuko wa bomu. Hakuna aliyewafundisha, na hawakosei.

Kuhusu risasi, neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo ni jina la madini yaleyale ya risasi. Kwa mazoea huitwa hivyo nzima na kichwa pia, na sioni ubaya katika mazungumzo. Katika kitini tenganisha: risasi ni nzima, kichwa ndicho kinachoruka, ganda hubaki kwa mfyatuaji. Ndiyo maana polisi huokota maganda pale alipokuwa amesimama mpigaji, na daktari hutoa kichwa mwilini. Ukiandika "ganda lilimwingia begani", umepotosha ushahidi.

Basi andika: "Fataki huwasha baruti, baruti huungua kwa kasi, na gesi yake husukuma kichwa cha risasi kupita kwenye kasiba."