Wikiendi ya uyoga pori: nenda, ila usiende kujaza kikapu

Mkuu umeuliza kama mtu asiyejua chochote anaweza kwenda kwenye hiyo mikusanyiko ya wikiendi ya wapenzi wa uyoga pori, kama atarudi na kikapu cha kupika, na kama mtoto wa miaka 8 anaruhusiwa. Mi nimeshaenda mara nne. Nenda, tena usisubiri ujue kwanza, ila hilo la kikapu cha kupika litoe kichwani kabisa.

Mara yangu ya kwanza niliingia porini na kisu kikali, kila uyoga nakata juu kidogo ya udongo, safi hauna hata tope, nikajaza. Jioni tunarudi kuna meza ndefu, kila mtu anamwaga alichopata na wataalamu wanapita wanagawa kwa makundi na kuandika vikaratasi vya majina. Mama mmoja mtaalamu akachukua wangu mweupe, akaupindua, akaangalia chini ya kofia, akaangalia pale nilipokata, akaniuliza "mwanangu, chini yake kulikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Akauweka pembeni akasema huu siwezi kukutajia, jina lake umeliacha ardhini.

Alikuwa na sababu aisee. Wauaji wengi wako kwenye kundi la Amanita, na unaoogopwa kuliko wote ni Amanita phalloides. Ukiwa mchanga unakuwa umefungwa ndani ya ngozi kama yai, ukikua ile ngozi inapasuka na kubaki kama kikombe chini ya shina, na mara nyingi kikombe chenyewe kimefukiwa udongoni. Ukikata juu unabaki umeshika uyoga mzuri tu kama mwingine. Sumu yake, amatoksini, haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kukausha, na nusu kofia inatosha kumuua mtu mzima. Halafu inachelewa, yani unakula jioni unalala vizuri, masaa 6 mpaka 12 baadae na wakati mwingine zaidi ndo kutapika na kuhara kunaanza, kisha unapata nafuu unadhani yameisha kumbe muda huohuo ini linaharibika. Kwahiyo mtu akikwambia ulioliwa na wadudu ni salama, au uchemshe na kijiko cha fedha uone kama kitakuwa cheusi, mkatalie palepale. Konokono wanakula wenye sumu na wanaendelea na safari.

Beba kitu cha kuchimbia utoe shina lote na chini yake, kikapu au mifuko ya karatasi (plastiki hapana, uyoga unatoa jasho na kuoza kabla hujafika mezani), lenzi ndogo ya kukuza mara 10, na kijidaftari uandike ulipoukuta na mti uliokuwa karibu. Mti ni muhimu kwasababu uyoga wengi wameshikana na mizizi, wanaupa mti maji na madini na wao wanapewa sukari, so mtaalamu ukimwambia mti gani umeshampunguzia nusu ya kazi.

Kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote ni chapa ya spora, yani alama ya lile vumbi linalodondoka chini ya kofia ambalo ndo kama mbegu za uyoga, na hii inafanyika usiku mmelala. Unatoa shina, unalaza kofia kwenye karatasi ambayo nusu nyeupe nusu nyeusi, unafunika na bakuli. Mwaka wa pili nilipata uyoga mkubwa wenye magamba ya kahawia juu, chini mweupe kabisa, tukawa wageni kama watano tunasema huu ni Macrolepiota procera, ule unaoliwa sana. Asubuhi nainua kofia, pale chini kuna mistari imechorwa kama miale ya jua, myembamba imepangana kabisa, na rangi yake ni kijani kilichofifia. Procera inatoa spora nyeupe au krimu. Wangu ulikuwa Chlorophyllum molybdites, unatapisha mtu vibaya sana, na ukiwa mchanga chini ya kofia ni mweupe hauoneshi dalili yoyote. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Mazungumzo ya jumamosi usiku usiyakose hata kama umechoka. Mi niliwahi kukaa masaa mawili nasikiliza habari za Termitomyces, uyoga wa vichuguu wa Afrika na Asia. Mchwa ndo wanaulima wenyewe chini kwenye masega ya majani na miti waliyotafuna, ukichimba unakuta shina linashuka kama mzizi mpaka kule chini, na aina moja, Termitomyces titanicus iliyopewa jina 1980, kofia yake inaweza kufika upana wa mita 1. Mita nzima mkuu, kitu cha kuota baada ya mvua!

Mezani usiulize "unaliwa?", uliza "unafanana na upi?" Hapo ndo wataalamu wanafunguka, wanakuwekea miwili pamoja unashika mwenyewe, unanusa, unavunja uone kama unabadilika rangi. Mwaka wa kwanza ukirudi na aina tatu unazozijua kweli umepata sana.

Kuhusu mtoto, mpeleke. Kushika uyoga hata wenye sumu kali hakumdhuru, shida ni kuingia mdomoni, kwahiyo awe karibu yako na anawe mikono kabla ya kula. Mpe kikapu chake mwenyewe. Watoto macho yao yapo chini karibu na ardhi, wanaona vile vidogo vya kwenye magogo ambavyo sisi tunavikanyaga.